Doa Katikati ya Shina

Kipande cha tatu kilipokatwa na kufunguka pande mbili, doa lilikuwa palepale. Katikati kabisa, jeusi, dogo kuliko punje ya dengu. Nililitazama kwa macho, nikalitazama kwa kioo cha kukuzia, kisha nikaketi kwenye kiti cha mtu mwingine kwa sababu changu kilikuwa mbali.

"Presha," alisema Grafu.

Grafu ndiye mkuu wa idara yetu. Jina lake halisi limeandikwa mlangoni kwake, lakini karakana nzima inamwita hivyo kwa sababu hawezi hata kukutajia saa bila kukuonyesha mchoro. Siku hiyo alikuwa na michoro minne, ameikumbatia kifuani kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya.

"Presha ilikuwa ndogo, kasi ilikuwa kubwa, na muda wa msuguano ulikuwa mfupi," akaendelea. "Raundi ya tatu tunabadilisha vyote."

"Raundi ya pili pia tulibadilisha vyote."

"Tulivibadilisha kuelekea upande usio sahihi."

"Umejuaje kwamba ni upande? Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hata kikitoka kitu kizuri hutajua kimeletwa na kipi. Badilisha kimoja, tuone."

"Mama Sekunde, muda wa kimoja kimoja hatuna. Mkaguzi anarudi Alhamisi."

Ilikuwa Jumatatu. Mama Sekunde ni mimi. Mashine ninayoendesha hufanya kazi yake kwa sekunde kumi na moja, nami huzihesabu kwa sauti, ingawa kuna kioo kinachozihesabu vizuri kuliko mimi. Vijana walinicheka mwaka mzima, kisha jina likaganda.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya injini ya ndege kuna diski inayobeba mapanga ya turbini, na diski hiyo ina shina. Shina huchakaa mapema, diski ikiwa bado nzima. Kutupa diski kwa ajili ya shina ni ujinga, kwa hiyo unakata shina bovu na kuunganisha jipya. Shida ni aloi yake. Ni ya nikeli, imeundwa ili ibaki ngumu kwenye joto ambalo lingekilegeza chuma cha kawaida, na haipendi kuchomelewa kwa moto: ikiyeyuka, wakati wa kupoa inapasuka. Basi sisi hatuiyeyushi. Kipande kimoja kinazungushwa kwa kasi, cha pili kimekabwa kimya, vinasukumwa mpaka vikutane uso kwa uso. Vinasuguana hadi vinakuwa laini kama udongo wa kufinyanga. Mzunguko unasimama ghafla na mashine inakandamiza kwa nguvu zake zote. Uchafu wote wa juu unasukumwa nje, unajikunja pembeni kama ukosi wa shati. Baadaye ukosi unakerezwa, unabaki na chuma kimoja.

Ndivyo inavyotakiwa. Kwetu kilikuwa kinabaki chuma kimoja chenye doa.

Kabla ya kuruhusiwa kugusa diski halisi, tulitakiwa kufaulu kwa fimbo za majaribio za aloi ileile. Viungo vitatu kwa raundi, vyote vizuri, na raundi tatu tu za kujaribu. Raundi mbili zilikuwa zimekufa. Ya tatu ikifa, cheti changu cha uendeshaji kinafutwa, nami narudi meza ya msasa, nilikokaa miaka tisa nikilainisha kingo za vyuma vilivyochongwa na wengine. Stashahada ninayo tangu ujana, lakini cheti cha mashine hii nilikisomea nikiwa na miaka arobaini na moja, mtoto mmoja ana tetekuwanga na mwingine anaota meno. Nilijibu maswali ya mizunguko na presha mkono mmoja ukiwa umeshika kijiko cha dawa. Sikuwa na nia ya kurudi kwenye msasa.

"Na tusisahau mkono wa mwendeshaji," Grafu alisema akikusanya karatasi zake.

"Mkono wangu unabonyeza kitufe cha kijani. Ukitaka nikibonyeze kwa upole zaidi, niambie."

Akahesabu michoro yake minne, akaondoka nayo.

Nyumbani nilikuta baba yao ameshapika na binti yangu mkubwa amekaa mezani na vitabu ambavyo havisomi. Ana miaka kumi na mitano. Mdomo ameurithi kwangu na hajaulipia.

"Mama, leo mmeunganisha?"

"Tumeunganisha."

"Vimeshikana?"

"Vimeshikana pembeni. Katikati kuna doa."

"Si vimeshikana lakini?"

"Wewe ungeipanda hiyo ndege?"

Akafikiri. "Inategemea inakwenda wapi."

Baba yao akacheka, mimi sikucheka. Mdogo wake akauliza kwa nini nisimwulize Babu, kwa kuwa Babu anajua vyuma vyote. Babu wanayemsema ni mjomba wangu, mdogo wake marehemu mama, ambaye hula kwetu kila Jumapili na ndiye anayekereza fimbo zetu za majaribio. Karakana nzima inamwita Mjomba, hata wazee wa rika lake. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeanza.

"Babu anasema fimbo zake zina uso kama kioo," mtoto akasema.

"Zinao kweli," nikasema. Na ndicho kilichokuwa kinanikera. Kila kitu kilikuwa sawa. Fimbo zilikuwa nzuri, mashine ilikuwa imepimwa, mimi nilikuwa nimefuata karatasi ya utaratibu mstari kwa mstari, na katikati kulikuwa na doa.

Jumanne asubuhi nilichukua fimbo nane zilizobaki, sita za raundi ya tatu na mbili za akiba, nikaanza kuzisafisha nyuso kwa spiriti. Kwa kawaida nazipanga juu ya meza yangu, kitambaa cheupe chini. Siku hiyo meza ilikuwa imetandikwa michoro ya Grafu kutoka ukingo hadi ukingo, mistari myekundu na ya buluu, na yeye mwenyewe hayupo. Nikazipanga kwenye ukingo wa dirisha. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia hapo vizuri.

Niliporudi kutoka kunywa chai, fimbo moja ilikuwa na alama ya unyevu katikati ya uso wake. Si doa. Duara. Mstari mwembamba kama ungechorwa kwa sindano, upana wake kama kitufe cha shati la mtoto. Nikadhani nimedondosha kitu. Nikafuta, nikanusa kitambaa: mafuta ya kukerezea. Nikairudisha juani, nikaitazama kama mtu anayengojea maziwa yasifurike. Baada ya dakika kumi duara likarudi.

Tuna oveni ndogo ya kukaushia vifaa. Nikazitia fimbo zote nane, joto la digrii mia na hamsini, nusu saa. Nilipofungua, nyuso nane zilikuwa na maduara manane yanayong'aa.

Nilichukua fimbo moja kwa koleo, nikaisubiri ipoe, nikaifunga kwenye kitambaa na kutembea nayo hadi kona ya mwisho ya karakana.

Mjomba alikuwa ameinamia mashine yake ya kukereza, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu. Mashine hiyo ni ya zamani na hutetemeka. Yeye huiwekea mkono kila asubuhi kabla ya kuiwasha, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona uso umeukunja hivyo?"

"Fimbo zina nini katikati?"

"Zina aloi."

"Mjomba."

"Unaniuliza kana kwamba nimekuibia. Nani amekwambia kuna kitu?"

"Mafuta." Nikafunua kitambaa.

Aliitazama fimbo muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na duara lilikuwa bado lipo.

"Ni pini," akasema.

"Pini ya nini?"

Akanieleza, kwa sauti ileile aliyonifundishia kushika patasi nilipokuwa msichana. Ili akereze nje ya fimbo yote kwa mkupuo mmoja, lazima aishikilie pande zote mbili, la sivyo mashine yake inatetemeka na fimbo inatoka na mawimbi. Upande mmoja inakabwa na taya. Upande wa pili inashikiliwa na ncha kali, na ncha inahitaji kitundu cha kuingia. Anatoboa kitundu hicho kwa keekee katikati ya uso. Akimaliza, kitundu kinabaki.

"Na mchoro unataka uso bapa," nikasema.

"Basi nikauweka bapa. Nikachonga pini ya aloi ileile, nikaigonga ndani, haitoki hata uipigie magoti. Halafu nikakereza uso juu yake. Wewe mwenyewe umezisafisha mara ngapi? Uliiona?"

"Sikuiona."

"Unaona sasa." Alikuwa karibu kutabasamu, Mungu anisamehe, alikuwa anajivunia. "Miaka thelathini nimeziba shafti za pampu namna hiyohiyo. Hakuna pampu iliyolalamika."

"Shafti ya pampu haisuguliwi usoni, Mjomba. Mafuta yamebaki chini ya pini. Mimi nikiipasha moto yanaungua yanakuwa masizi. Na katikati ya fimbo ndipo mahali pekee ambapo hapazunguki kwa kasi. Pembeni kunakimbia, uchafu unatupwa nje. Katikati pametulia. Masizi yanakaa hapohapo."

Mtu aliyekereza vyuma miaka yote hiyo hahitaji kuelezwa mara mbili kwamba katikati pametulia.

"Kwa nini hukutengeneza fimbo ndefu ukakata ncha yenye kitundu?" nikauliza.

Hapo ndipo alipokasirika. Akafungua droo, akatoa kikaratasi cha stoo na kunipiga nacho kifuani. "Ndefu niitoe wapi? Zamani nilipewa za milimita mia moja na thelathini. Nakereza, nakata ncha, nakupa tisini na mbili safi. Mara hii nimeletewa tisini na mbili kamili. Nikikata ncha nitakupa nini, kizibo cha chupa?"

Kikaratasi kilikuwa na saini ya Grafu. *Punguza urefu. Mabaki ni mengi mno.*

"Ungesema."

"Nilisema. Akaniletea grafu ya mabaki."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ulikuwa na shughuli ya kuhesabu sekunde." Akarudisha kikaratasi kwenye droo. "Sasa utakwenda kusema ni mimi."

"Nitasema ni tundu."

"Tundu halina muhuri. Kila fimbo hapo ina namba yangu. Nimebakiza miezi mitano nistaafu, hakuna kipande chenye namba yangu kilichowahi kurudishwa."

Nilichukua fimbo yangu nikaondoka. Nyuma yangu alisema, si kwa ukali, "Nilikuambia uende ualimu," na mashine ikawashwa.

Grafu alinisikiliza akiwa amesimama. Nilimwekea fimbo mezani, juu ya mstari mwekundu, nikamweleza kila kitu isipokuwa kile cha kikaratasi cha stoo, kwa kuwa nilitaka akifikie mwenyewe. Alikifikia. Niliona shingo yake ikibadilika rangi.

"Lakini uso ni bapa," akasema mwisho.

"Ni bapa."

"Ni wa aloi sahihi."

"Una pini ndani."

"Mchoro hausemi lolote kuhusu pini."

"Mchoro hausemi lolote kuhusu kutafuna ubani pia. Tusipoteze muda. Fimbo hizi hazifai."

Akaketi. Akavuta karatasi tupu, akaanza kuchora mhimili, akaacha. Kwa sekunde chache alikuwa mtu wa kawaida aliyechoka, nami nikamwonea huruma, jambo ambalo sikulitaka.

"Raundi ya kwanza," akasema, "viungo vitatu, kimoja kilitoka bila doa. Kwa hiyo inawezekana."

"Pini moja labda ilikauka vizuri. Unataka tubahatishe tatu kwa mpigo?"

"Fimbo mpya ni wiki saba. Mkaguzi ni keshokutwa. Nikimwandikia kwamba vipande si sahihi, utaratibu mzima unafutwa, siyo raundi tu. Na cheti chako kimefungwa kwenye utaratibu huo. Unalijua hilo?"

Nililijua. Nilikuwa nimelisoma ukurasa wa pili wa karatasi za utaratibu nikitafuta jambo jingine.

"Kwa hiyo nikisaini tamko kwamba vipande ni vizima, tunajaribu na pengine tunashindwa, cheti kinakwenda," nikasema. "Nisiposaini kinakwenda vilevile."

"Ukisaini kuna nafasi."

"Nafasi ya nini? Tukipasi kwa bahati, fimbo inayofuata ni shina la kweli. Mjomba atalikereza hivyohivyo kwa sababu umempa chuma kifupi, na pini itakuwa ndani ya injini."

"Hilo tutalirekebisha baadaye."

"Tulirekebishe sasa, wakati ni fimbo tu."

"Mama Sekunde," akasema, "wewe endesha mashine."

Nilitoka. Nilimwandikia barua ya mistari sita kuhusu pini na urefu wa fimbo, nikabaki na nakala, kisha nikaenda chooni nikanawa uso, kwa sababu nilikuwa karibu kusema maneno ambayo yangenifukuzisha bila kusubiri Alhamisi.

Jumatano nilipiga hesabu. Kitundu kina kina cha milimita sita. Ukikata nane, umekwenda nacho na pini yake. Fimbo inabaki themanini na nne. Taya za mashine yangu zinataka kukaba sitini, na nje zinatakiwa zibaki ishirini na tano. Jumla themanini na tano. Nilipungukiwa na milimita moja. Niliiangalia namba hiyo nikatamani kuitupia kitu. Kisha nikakumbuka kwamba taya zikiwekewa kipande cha chuma nyuma cha kuzuia fimbo isirudi, zinaweza kukaba hamsini na tano bila wasiwasi. Karatasi ya utaratibu inasema sitini. Basi itasema uongo kidogo, nami nitaandika nilichofanya.

Nikachukua fimbo mbili za akiba, nikazikata ncha kwa msumeno wa umeme. Kilichobaki kilikuwa kuzifanya nyuso ziwe bapa tena, na mashine ya kukereza ni moja.

"Naomba nafasi nusu saa," nilimwambia Mjomba.

Akasogea, mikono nyuma. Nikafunga fimbo, nikaanza. Chuoni nilikereza muhula mmoja, nikapata alama za kutosha kutorudia. Kisu kiligusa aloi kikalia kama paka aliyekanyagwa. Uso ukatoka na miduara kama sahani ya santuri. Nikarudia. Ukatoka mbaya zaidi.

Kwa mara ya tatu nilisikia pumzi ikitolewa nyuma yangu.

"Unaiumiza."

"Fimbo?"

"Mashine. Ondoka."

Nikaondoka. Akabadilisha kisu, akapunguza kasi, akasogeza gurudumu kwa vidole viwili kama anafungua redio. Chuma kilianguka kwa nyuzi ndogo za fedha. Alikuwa anakereza uso tu, kwa hiyo fimbo haikutetemeka, haikuhitaji kushikiliwa upande wa pili. Zote mbili zilimchukua dakika kumi na tano. Alipomaliza, hakuzipiga muhuri wa namba yake.

"Hizi si zangu," akasema. "Umezikata wewe."

Alhamisi mkaguzi alifika saa tatu kamili. Ni mama wa makamo, mkimya, mwenye begi la mgongoni kama mwanafunzi na kalamu tatu za rangi moja. Tulikuwa wanne pale kwenye mashine: yeye, Grafu, mimi, na Mjomba aliyesimama mbali kidogo akijifanya anatafuta spana. Fimbo sita zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Zilipendeza.

Mkaguzi alinipa karatasi ya tamko. Mwendeshaji anatamka kwamba vipande ni safi, bapa na vizima, na kwamba hajui kasoro yoyote. Anasaini, ndipo mashine inawashwa.

Nilishika kalamu. Grafu alikuwa anatazama kioo cha presha, ambacho kilikuwa kimezimwa.

Niseme ukweli, nilifikiria kusaini. Niliifikiria meza ya msasa, ile taa yake inayopepesa, lile vumbi linaloingia hadi kwenye chakula cha mchana. Nilifikiria kwamba huenda pini sita zote zimekauka, kwa kuwa nilizitia ovenini. Nilifikiria hivyo kwa muda ambao mashine yangu ingemaliza kazi.

"Sisaini," nikasema. "Vipande vina kasoro na naijua."

"Kasoro gani?" mkaguzi aliuliza. Hakuinua sauti wala nyusi.

"Zina kitundu katikati kilichozibwa kwa pini. Chini ya pini kuna mafuta. Ndiyo yanayotuletea doa."

"Nani aliziba?"

Nikafungua mdomo, nikagundua kwamba sijaandaa sentensi hiyo. Usiku kucha nilikuwa nimeandaa zile nyingine zote.

"Mimi," akasema Mjomba, spana mkononi. "Namba iko kwenye fimbo, huna haja ya kumuuliza mtoto."

Mtoto ana miaka arobaini na nne.

"Kwa nini?" mkaguzi akamuuliza.

Mjomba akamtazama Grafu. Grafu akatazama kitambaa cheupe. Nikasema mwenyewe, "Kwa sababu fimbo zilikatwa fupi. Kikaratasi kipo, na barua yangu ya Jumanne ipo."

Grafu alisema kwamba suala la urefu lilikuwa la kiufundi na alikuwa tayari kulieleza kwa mchoro. Mkaguzi akamwambia asante, ataomba mchoro huo kwa maandishi. Akaandika. Aliandika muda mrefu, kwa kalamu moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua aweke wapi mikono.

"Utaratibu umesitishwa," akasema alipomaliza. "Raundi ya tatu haikufanyika. Utaratibu mpya utaandikwa, fimbo mpya, raundi tatu kuanzia mwanzo. Cheti cha mwendeshaji kilikuwa cha utaratibu huu." Akaninyooshea mkono. "Pole, dada. Naomba."

Kilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli, ndani ya plastiki. Nilikitoa nikampa. Sikujua nilikuwa nimekibana kiasi gani mpaka nilipoona alama ya kidole gumba changu kwenye plastiki.

Kisha akatazama saa yake. "Gari langu linakuja saa sita. Umesema unajua kinachosababisha. Unaweza kunionyesha?"

"Sina cheti."

"Nitasimama hapa. Itakuwa ni onyesho."

Nikatoa fimbo mbili fupi. Nikafunga kizuizi nyuma ya taya, nikaandika ubaoni: kukaba, hamsini na tano. Mizunguko, presha na muda nilivirudisha kama vilivyokuwa raundi ya kwanza kabla Grafu hajavigusa, ili kibadilike kitu kimoja tu. Nikabonyeza kitufe cha kijani kwa mkono uleule.

Moja. Mbili. Fimbo zikagusana na kulia. Tatu, nne, mstari mwekundu kwenye maungio, ukageuka wa chungwa. Saba. Ukosi ukaanza kujikunja pande zote mbili, sawasawa. Tisa, mzunguko ukakatika, mashine ikakandamiza hadi sakafu ikaguna. Kumi. Kumi na moja.

Tulingoja ipoe. Tukaikata, tukaisugua, tukaipaka tindikali inayoonyesha chembe za chuma. Mkaguzi akaiweka chini ya hadubini, akainama juu yake kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Akaniachia nafasi.

Nilitafuta doa. Nilianzia pembeni nikaenda katikati, nikatoka katikati nikarudi pembeni. Palikuwa na mstari mwembamba wa chembe ndogondogo zilizobanana, na zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kitu kabisa.

"Safi," mkaguzi akasema. "Ni kiungo kizuri kuliko vyote nilivyoona hapa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakihesabiki. Hakina namba, hakina tamko, na ukabaji si wa kwenye karatasi." Akafunga begi lake. "Lakini kitunzeni."

Grafu akakichukua kwenda kukitunza. Nikamwambia akiache mezani kwangu, kisha nikakumbuka kwamba sina tena meza pale.

Ijumaa nilianzia kwenye msasa. Taa inapepesa vilevile. Kijana aliyekaa hapo akanisogezea kiti na kuniuliza kama nakumbuka kazi, nikamwambia nilikuwa naifanya yeye akiwa bado anafungiwa viatu na mama yake.

Karibu na saa tano Mjomba alikuja. Tangu jana hakuwa amenisemesha. Kule ofisini walikuwa wameushikilia muhuri wake hadi uchunguzi uishe, kwa hiyo naye alikuwa na mikono mitupu. Alisimama upande wa pili wa meza, akachukua kipande nilichokuwa nimemaliza, akapitisha ukucha kwenye ukingo wake, akakirudisha kwenye sinia la vibovu.

"Hapo bado panakwaruza."

"Asante, Mjomba."

"Nakuambia tu."

Kisha akatoa mfukoni fomu ya stoo iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya vumbi la msasa. Ilikuwa fomu ya kuagizia fimbo mpya. Kila mahali palikuwa tupu isipokuwa mahali pa jina la mwombaji, ambapo alikuwa ameandika lake kwa herufi kubwa.

"Iandike wewe," akasema. "Mwandiko wako unasomeka."

Nilifuta mikono kwenye ovaroli, nikachukua kalamu yake. Aina ya aloi. Kipenyo. Idadi. Kwenye urefu nikaandika mia moja na arobaini.

"Nilikuambia mia moja na thelathini," akasema.

"Nilikusikia. Grafu atapunguza kumi."

Akachukua kalamu mkononi mwangu, akaigeuza arobaini kuwa hamsini, akaipeleka fomu mwenyewe.